Nani Atamchezea Lisbet

Jumatatu ya Pentekoste, misa ikishatoka, benchi la mbele ya mkahawa wa Ketti, hapa uwanja wa soko wa Echternach, kando ya mto unaotutenga na Wajerumani, huwa halina pa kuweka hata kofia. Mwaka huu ilibaki nafasi ya mtu mmoja, na Mett alikaa kando yake ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mkewe, Lisbet, alizikwa wakati wa Kwaresima. Kesho watu wangemchezea dansi Mtakatifu Willibrord, aliyeleta Injili huku zamani, watano watano kila mstari, wameshikana kwa leso nyeupe, wakirukaruka kupita mjini hadi kaburini pake chini ya kanisa. Mstari wao ulikuwa na Ketti, wazee wawili walioitwa kwa utani Kengele na Bahari, Mett na Lisbet, tangu ujana. Mett hakujua kama atacheza. Wenzake walijua kwamba hajui, kwa hiyo walizungumza habari za mtakatifu.

— Mtu kavuka bahari, — alisema Kengele, aliyepiga kengele za kanisa mpaka sikio moja likagoma. — Wapagani wanamsubiri na mashoka. Yeye mkononi ana fimbo na Injili, basi! Nitajieni mwingine kama huyo.

— Na kichupa cha divai, — alisema Bahari, ambaye maisha yake yote aliendesha mashua za mizigo mtoni, bahari hajaiona. — Maskini kumi na wawili wakanywa wakatosheka, chupa ikabaki imejaa.

— Kumi na wawili wapi! Arobaini, na farasi wao.

— Farasi nao walikunywa divai?

— Farasi wa siku hizo walikuwa Wakristo, Bahari. Si kama wewe.

Mett alitabasamu kidogo. Kengele alipoona hivyo akapata nguvu.

— Akavunja sanamu yao. Mlinzi akamkata upanga wa kichwa. Damu? Hata tone!

— Upanga uliyeyuka.

— Uliomba msamaha kwanza, ndipo ukayeyuka.

— Mimi nasema hata mto huu haukuwepo, — alisema Bahari. — Aligonga fimbo chini, maji yakatoka, Wajerumani wakabaki ng'ambo.

— Huo sasa ndio muujiza wenye faida!

Walikuwa bado wanacheka alipofika Idalina, Mreno aliyepanga ghorofa ya juu nyumbani kwa Mett. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Lisbet supu.

— Shikamooni wazee. Eti kesho mnaruka mbele, halafu mnarudi nyuma?

— Nani kakwambia? — Kengele alisimama. — Sisi haturudi nyuma, mama! Kushoto, kulia, twende mbele. Wageni ndio wanaotuzushia.

— Samahani. Na nafasi ya mama Lisbet ni ya nani?

Kengele akajifanya sikio bovu ndilo lililoulizwa. Ketti akatoka mlangoni na birika, akaja kumimina.

Mett aliweka kikombe chini. Mwaka jana Lisbet alicheza ugonjwa ukiwa tayari ndani yake. Kila walipomwambia apumzike, alijibu kwamba Willibrord hakuja huku kupumzika.

— Zamani, — Mett alisema polepole, — mgonjwa asiyeweza kuruka alimwomba mtu amchezee, aruke badala yake. Sivyo, Kengele?

— Ndivyo.

— Na marehemu je?

— Hilo sijui, kaka.

— Mimi pia sijui. Mungu anajua.

Akatoa leso mfukoni, akamnyooshea Idalina ncha moja.

— Shika hapa. Anza na mguu wa kushoto.

Bahari akaanza kuimba kwa mdomo ile polka ya dansi ya kesho. Idalina akaruka, akamkanyaga Ketti, akainama kutazama miguu yake.

— Kichwa juu, binti yangu, — alisema Mett, naye akiruka, machozi yakimtoka bila kuyafuta. — Watu watakuuliza unamchezea nani. Uwaambie kwa sauti: Lisbet, mke wa Mett.