Claudine Chishimba, Fundi wa Pampu za Usukani, Aliyeondoka Kabla ya Mgonjwa Wake

Ndugu na marafiki mliofika Jumamosi hii, mimi ni Anaclet, mdogo wake marehemu. Haya niliyaandika jana.

Claudine Chishimba alizaliwa Kasomeno tarehe 17 mwezi wa sita 1979, mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Aaron Chishimba, dereva wa lori kwenye barabara ya Kasenga, na Mama Mapalo. Alisoma shule ya msingi huko huko. Mwaka 1991 alikuja Lubumbashi kwa shangazi yetu, akaingia shule ya ufundi, ambako darasani mwao walikuwa wasichana wawili tu. Alipata diploma ya serikali mwaka 1998.

Alianza kazi mwaka 1999 katika garaji moja kwenye njia ya Luano, na mwaka 2008 akafungua ya kwake hapa mtaani Hewa Bora. Alijulikana zaidi kwa pampu ya usukani, ile tunayoita pompe ya direction. Mtu akija kusema pompe imekufa, yeye alitazama kwanza mafuta, mkanda na mabomba. Na pampu ikiwa imekufa kweli, hakufunga mpya kabla ya kuosha mabomba, maana uchafu wa ile ya zamani ungeiua.

Hivyo ndivyo alivyompata mume. Akiwa bado kwenye garaji ya njia ya Luano, Mwalimu Symphorien alifika na gari linalolia kwenye kila kona, na pampu mpya mkononi. Claudine alikaza mkanda, kelele zikaisha, akamwambia, "Rudisha pompe yako ku magazini kwenye ulinunua." Wiki iliyofuata mwalimu alirudi, na nyingine tena, akisema gari linalia. Mara ya tatu Claudine aliliendesha mwenyewe mpaka rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, akarudi, akazima. "Motoka haiko inalia, Mwalimu. Ni weye njo uko unalia." Walifunga ndoa tarehe 14 mwezi wa nane 2004, na Mungu akawapa Séphora na Michelle.

Kuhusu ugonjwa, tulijua wa Symphorien tu. Figo zake zilianza kushindwa mwezi wa tatu mwaka jana. Mara mbili kwa wiki Claudine alimpeleka hospitali, akakaa pembeni ya kitanda. Siku moja muuguzi, baada ya kumpima mgonjwa presha, alimwambia, "Maman, leta na weye mukono." Claudine alicheka. "Mugonjwa ni huyu," alijibu. Kichwa kilimuuma miezi mingi. Alisema ni uchovu, na sisi tukakubali ni uchovu. Mwezi wa nane familia ilikutana kuzungumzia mazishi. Ya Symphorien.

Alhamisi tarehe 9 mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, alikuwa amemaliza kufunga pampu mpya kwenye gari la Madame Falonne, mteja wake. Ilibaki kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta. Claudine alikaa ndani, injini ikiwaka, akizungusha usukani polepole kushoto na kulia, huku Falonne akitazama povu kwenye chupa ya mafuta.

"Povu ingaliko, Maman Claudine. Zungusha tena."

Usukani ulikwenda kushoto mpaka mwisho, ukabaki pale. Pampu ikaanza kulia. Falonne alishangaa, kwa sababu Claudine mwenyewe alikuwa amemwonya dakika chache kabla asiubane usukani hivyo hata siku moja. Aliinua kichwa, akamwona ameulalia. Hospitalini daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Alifariki kabla ya saa sita.

Nilimpigia simu Mama. Hakusubiri niseme neno. "Symphorien amefariki?"

"Hapana, Mama. Ni Claudine."

Akaniuliza, "Claudine gani?"

Marehemu alikuwa na miaka arobaini na sita. Ameacha mume wake Symphorien, aliyeketi hapa mbele na ambaye tangu Alhamisi hajasema zaidi ya "Ilipaswa kuwa mimi", mabinti wawili, Séphora na Michelle, Mama Mapalo, aliyefika jana kutoka Kasomeno, mimi, na watu wengi wa Hewa Bora waliomwita Maman.

Dada, hatukuwa tayari, na leo hatujawa. Mungu akupokee, akupe pumziko ambalo hukujipa.