Saa za Kabla ya Kupiga Kadi

Habari zenu, wanangu. Wamaitha, zima hiyo televisheni. Gitonga, weka simu chini, hospitali haitahama. Kaeni, nyamazeni kidogo mnisikilize, maana nikishaingia kwa hilo gari naenda kupasuliwa moyo, na kama nitaamka ni Mungu anajua.

Tumeshinda. Mlimsikia wenyewe asubuhi wakili Naeem akilia kwa simu kama mtoto: jaji amekubali yale mapatano yetu na kiwanda cha matunda. Lakini nimemsikia pia Gitonga akimnong'onezea dada yake, "Ukigawa hizo pesa kwa wafanyakazi wote hao, mama atapata ya viatu tu. Nani atasumbuka na fomu?" Ndiyo maana siondoki kabla sijasema.

Pale kiwandani Brampton tulikuwa tunafika ninyi bado mmelala, tunavaa gwanda na buti, tunafunga nywele, tunanawa mpaka kwa kiwiko, tunasimama foleni tukaguliwe, na hayo yote ni bure, kwa sababu kadi ya kuhesabu saa za kazi ilipigwa mlangoni mwa chumba cha kukatia matunda. Dorotea, mwenzetu wa kazi, akauliza kwa nini. Msimamizi akamjibu, "Kwani nyumbani unalipwa ukivaa?" Dorotea akasema, "Nyumbani sivai buti za kampuni." Wiki hiyo wakamfuta kazi. Huyo msimamizi sijamsamehe, lakini hiyo chuki msiirithi, niachieni mwenyewe.

Tulipoenda kwa Naeem tulikuwa tumefanya harambee kanisani, bahasha imenona, kwa sababu kwetu wakili hafungui mdomo bila kitu mezani. Akairudisha. "Mama Gitonga, nikishindwa sidai kitu. Nikishinda, jaji ndiye atasema nikate ngapi." Alichotaka ni mtu mmoja tu, wa kusimama kwa niaba ya wote. Kila mtu akamsukuma mwenzake. Nikasema, andika mimi, Gathoni Kuria.

Kampuni ikapinga: kila mtu alete kesi yake peke yake. Nani kati yetu angeweza? Jaji akasema hapana, shida yao ni moja, wataenda kama kundi. Siku hiyo niliimba kwenye lifti ya mahakama mpaka askari akacheka.

Ndipo barua zikatumwa kwa kila aliyefanya kazi pale. Jumapili baada ya ibada watu wakatoa kalamu, maana sisi tunajua hujaingia kwa chama mpaka uandikishwe, na ndani ya barua kulikuwa na karatasi ya jina na sahihi. Wote wakajaza. Mimi wakati huo nilikuwa najifunza kusoma kwenye darasa la maktaba, nasoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti ya sabuni. Dorotea akanisihi, "Wacha basi, mama, tumechoka na shule yako!" Nikaendelea tu, neno, neno, mpaka nikafika pale: anayejaza karatasi hii anajitoa kwenye kesi. Kumbe hapa, ukikaa kimya umo, anayeandika ndiye anayetoka! Mzee Eustache, wa kiwandani kwetu, akachana yake, tukachana zote, na Dorotea akaniambia, "Soma, mama, soma mpaka kesho."

Baadaye wakili wa kampuni akaniweka chumbani akinihoji siku nzima. "Unajuaje kuvaa buti kulichukua muda huo mnaodai?" Nikamwambia, lete buti, nivae sasa hivi, wewe shika saa. Naeem aligeukia dirisha asicheke. Haukupita muda mrefu, kampuni ikasema tuzungumze.

Sasa sikilizeni, hapa msikosee. Fomu ya safari hii, ya kudai malipo, lazima ijazwe. Asiyedai hapati, na kampuni inaombea watu kama Gitonga, wa kusema ni kidogo. Ni kidogo, ndiyo. Lakini ni saa zangu. Mkiziacha, mtakuwa mmekubaliana na yule msimamizi kwamba nilikuwa navaa kwa raha zangu. Nikifa, fungu ni lenu, daini kwa jina langu. Mzee Eustache alishatutoka, kwa hivyo nendeni Mississauga kwa mjane wake, mkae naye, mumsomee hiyo fomu, asidhani haki ya mumewe imezikwa.

Nyumba sina, hii ni ya kupanga. Sufuria kubwa ni ya Wamaitha, Gitonga usiguse. Deni sina kwa mtu...

Ngojeni. Nipumue.

Mungu awabariki. Awape kazi ya... ya kulipwa tangu mlangoni. Mpendane. Msisaini kitu hamjasoma... Gitonga, wewe unalia nini, na tumeshinda? Nishike mkono. Polepole. Buti... hapana, lete zile raba.

Naenda, na nitarudi. Fomu ikija kabla yangu, tarehe ya mwisho isiwapite. Lakini usiharakishe kuandika marehemu, kijana wangu. Uliza daktari kwanza. Hiyo sahihi... nataka kuiweka mwenyewe.