Aliyewasha Moto Thelujini

Katika mji wetu wa Jacobabad, mwezi wa sita, saa za mchana, hata mbwa hawabweki kwa joto. Sisi wa benchi la Ramzan muuza chai hukaa chini ya turubai kungoja jua lipoe: mimi kinyozi; Redio, fundi feni, ambaye ukimwasha hazimiki; Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama, anayetoa hukumu kwa kila neno; na Ali Gohar, dereva wa bajaji, mtu wa maneno machache. Mwaka ule tulikunywa chai ya moto huku tukitazama theluji.

Theluji yenyewe ilikuwa kwenye simu ya Ali Gohar. Alikuwa akicheza ule mchezo wa mtandaoni ambao watu wa dunia nzima huingia pamoja, kila mmoja na mtu wake humo ndani, kati ya mapanga, mazimwi na majumba ya kifalme. Wenzake walipigana. Yeye alitembea tu. Akapita mabonde, akapita misitu, hadi akafika kwenye mlima wa kaskazini, mweupe kuanzia chini mpaka ulikopotelea mawinguni. Tukamzunguka, vichwa vikigusana. Theluji ilianguka taratibu, bila sauti, ikifukia nyayo za mtu wake nyuma yake. Palikuwa na ziwa lililoganda, na chini ya barafu samaki wenye mwanga wakipita polepole. Hata Redio alinyamaza.

Lakini mlima ule baridi yake inaua. Siku moja dhoruba ilimkuta juu, moto hana, mstari wa uhai wake ukipungua pembeni mwa kioo cha simu. Ndipo mchezaji mwingine akatokea kwenye ukungu, amevaa joho la manyoya. Akapiga magoti, akawasha moto, akakaa naye. Hakuandika neno. Dhoruba ilipotulia, akaondoka. Kesho yake mchana tukamkuta pale pale, anangoja. Tangu hapo wakawa wanapanda pamoja, mgeni mbele, Gohar nyuma. Gohar akibaki nyuma sana, yule anasimama.

Basi benchi likapata kesi.

— Huyo si mtu, Redio alisema. Ni mashine. Wenye mchezo wameiweka pale ili wateja wasife wakakata tamaa.

— Mashine haingoji mtu, Jaji akamkatiza. Nimemwangalia mimi. Gohar akichelewa, anazunguka pale kama mtu aliyepoteza funguo. Huyo ni binti wa tajiri, kafungiwa nyumbani, hana pengine pa kutembea.

Kila siku kesi ilizidi kukua. Redio akaja na habari kwamba huenda ni mpanda milima aliyefia kwenye barafu ya kweli, roho yake ikapata njia ya kupita kwenye nyaya. Jaji akaahirisha hukumu mpaka tuhakikishe kama mgeni ana kivuli. Tukatazama. Anacho. Gohar alikuwa akitabasamu tu na kuendelea kupanda.

Ijumaa moja alikuja dereva wa lori kutoka Ziarat, kule milimani, gurudumu lake likizibwa kwa fundi wa jirani. Akapewa chai, akasikiliza kesi yote tangu mwanzo, kwa adabu, bila kuingilia. Mwisho akauliza:

— Kwani jina lake mmemuuliza?

Siku zote zile hakuna aliyelifikiria hilo. Jaji akakohoa, akamwambia Gohar aandike, amuulize sasa hivi.

— Sitaki, Gohar alisema.

Redio akataka kujua kwa nini. Gohar akaiinua simu kidogo.

— Mchezo huu alinifundisha Mehrab.

Mehrab ni kaka yake. Sote tulijua kisa chao. Baba yao alipozikwa, waligombana mlangoni kwa sababu ya kuuza nyumba au kutouza, mbele ya waombolezaji. Mehrab akaenda ng'ambo, Dammam, kufanya kazi ya ujenzi, kila mmoja akaifungia namba ya mwenzake kwenye simu, na tangu hapo hata salamu ya Idi hakuna.

— Nikimuuliza jina, Gohar akasema, anaweza akawa mtu mwingine.

Mtu wa Ziarat aliinamia kikombe chake. Kwenye simu, mwenye joho alikuwa amesimama ukingoni mwa mlima akimngoja Gohar, theluji ikimrundikia mabegani, na nyuma yake anga ya kijivu isiyo na mwisho.

Gohar akafuta jasho la kidole gumba kwenye kanzu yake, akaanza kuandika polepole. Nilikuwa karibu naye, nikasoma. Hakuuliza jina. Aliandika: Umekula?

Theluji ikaendelea kuanguka. Mgeni hakusogea. Nikadhani mtandao umekatika, maana kwetu mchana hukatika sana. Kisha yule mtu akakaa chini, pale pale ukingoni, na maneno yakatokea juu ya kichwa chake:

Nimekula. Magoti ya mama yanaendeleaje?

Ali Gohar akasimama. Akatoka chini ya turubai, akaingia kwenye lile jua, simu kaishika kwa mikono miwili, akaelekea nyumbani kwa mama yake.