Grasiana Fabiani Hyera, Mshika Tatu (1984–2026)

Marehemu Grasiana Fabiani Hyera alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, kwenye kambi ya mkonge nje kidogo ya Hale, wilaya ya Korogwe. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Mzee Fabiani Hyera, ambaye baba yake aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge, na Bi Chausiku Sabiri, Mzigua wa Sindeni, Handeni. Baba Mkatoliki, mama Mwislamu. Krismasi walipika, Idi walipika, na waliokuwa wakiwasema walikuja kula pia.

Mzee Fabiani alifanya kazi miaka thelathini na mbili kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge zikatoka nyuzi. Mbele ya korona watu hawawezi hata kusalimiana. Mzee alikuwa akiimba humo humo, kwa nguvu, ili mashine isimshinde. Kufika mwaka 2006 masikio yake yote mawili yalikuwa yameshakwisha. Mambo mengi ya maisha ya Grasiana yameanzia hapo.

Alisoma shule ya msingi Hale, 1992 hadi 1998, na sekondari mjini Korogwe, 1999 hadi 2002. Kidato cha nne alipata daraja la nne. Hakulificha. Aliyemuuliza alijibiwa, "La nne. La kwako limekufikisha wapi?" Baada ya hapo alifua na kupiga pasi mashuka ya gesti mjini Korogwe, na Jumapili akaimba na bendi ya dansi.

Ijumaa, tarehe 11 Juni 2010, alifunga ndoa bomani na Hashim Awadhi, fundi umeme wa Handeni. Wazee wa pande zote mbili walinuna kwa muda wa kama mwezi, halafu wakachoka kununa. Mwaka 2012 walimpata binti yao, Ikram.

Februari 2014 alikwenda Dubai kufanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja. Wengine kila jioni walipiga simu nyumbani. Grasiana alipiga kwa mama, kwa mume, kwa mtoto, ila kwa baba simu ilikuwa chuma tu. Akaanza kumwandikia. Aliandika kwenye simu yake wakati wa mapumziko, amekaa juu ya tenga la mataulo machafu, akamtumia Dennis mwenye stesheneri pale Segera, Dennis akachapa kwa herufi kubwa na kuwapa madereva wa Noah za abiria wafikishe Hale.

Mzee alisoma kwa sauti, barazani. Na mtu asiyesikia hajui sauti yake imefika wapi. Siku moja Grasiana alieleza kwenye barua kwamba lile gauni alilomtumia mama avae kwenye harusi ya jirani, ambalo kambi nzima iliambiwa limenunuliwa duka kubwa la Dubai, lilikuwa pazia la hoteli lililotupwa, akalishona mwenyewe.

"Baba Grasiana, shusha sauti," Bi Chausiku alisema.

"Eti?"

"Nasema shusha sauti, majirani wanasikia!"

"Ngoja nimalize, hapa kuna habari ya gauni lako."

Dennis naye alikuwa akisoma kabla ya kuchapa. Ile ya pazia aliiweka Facebook bila ruhusa ya mtu. Grasiana alimtukana kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Wiki ile ile mhariri wa gazeti la mtandaoni, Dar es Salaam, akamtafuta: anataka nyingine kama hiyo kila Jumanne, na atalipa. Ndivyo alivyokuwa mwandishi wa kujitegemea. Dennis alisamehewa, na akaendelea kuchapa.

Kuimba Dubai nako kulianzia kule kule kwenye kufulia. Aliimba akishindana na mashine za kukaushia, kama baba yake na korona. Mpiga kinanda wa hoteli, aliyefuata shati lake, akasimama mlangoni.

"Unaimba kama unamwita mtu ng'ambo ya mto," alimwambia.

"Nimelelewa na kiziwi," Grasiana alimjibu.

Yule bwana alimfundisha jazi ya taratibu, ile ya kuimba karibu na sikio la mtu. Ilimchukua mwaka mzima kujifunza kuimba polepole. Kuanzia 2016 akawa anaimba hotelini kila Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi yuko kwenye pasi.

Mwaka 2018 meneja alimpa mkataba: aache kufua, aimbe siku tano kwa wiki. Sharti moja tu, asiandike tena popote, siri za hoteli zisitoke. Alimpigia Hashim.

"Mama Ikram," Hashim alisema, "mshika mbili moja humponyoka."

"Mimi nashika tatu. Ipi imeniponyoka?"

"Hakuna. Ila utachoka."

"Kuimba, baba hasikii. Nikiacha kuandika atanisikia kwa lipi?"

Hashim alisema, "Basi zishike zote. Mimi nashika mtoto."

Mkataba ulirudi bila sahihi. Wenzake walimwita mjinga, na alipiga pasi miaka mitatu zaidi. Mwaka 2021 akaja meneja mwingine, akalifuta lile sharti, na Grasiana akapanda jukwaani siku tano. Hakukosa Jumanne hata moja.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Januari 2025 alirudi nyumbani. Madaktari walimwambia apumzike. Akasema atapumzika akishaimba Korogwe. Jumamosi, tarehe 26 Julai 2025, saa tisa alasiri, aliimba mjini Korogwe, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mzee Fabiani alikaa mstari wa mbele na karatasi za Dennis, nyimbo zote kumi kwa herufi kubwa. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, mzee akaanza kuusoma kwa sauti, nyuma ya binti yake kwa mstari mmoja. Watu wakasema "sshh". Grasiana akawanyamazisha kwa mkono, kisha akaigeukia bendi, akaipunguza mwendo. Bendi nzima ikamsubiri mzee.

Walipomaliza alimfuata baba yake, akamshika mabega ili amsome midomo. "Baba, umeonaje?"

"Wimbo wa tatu umeruka mstari," mzee alisema.

Ilikuwa kweli. Grasiana alicheka mpaka akakaa chini.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Machi 2026, alfajiri, nyumbani Hale, akiwa na miaka 41. Makala yake ya 531 ilikuwa imeshafika kwa Dennis tangu Jumatatu.

Ameacha mume, Hashim, binti, Ikram, wazazi wake, Mzee Fabiani na Bi Chausiku, na wadogo zake, Enock na Lea.

Nakala moja ya wasifu huu imechapwa kwa herufi kubwa. Mzee ataisoma baada ya udongo, kwa sauti yake ile ile, na asitokee mtu wa kumwambia ashushe. Grasiana na apumzike kwa amani, baba anasoma.