Yusta Anataka Kanada

Ndani ya basi la kutoka Haydom kwenda Mbulu, mwalimu kijana alimwamkia mama aliyekaa naye. "Marahaba," mama akaitikia, kisha hakupoteza muda. "Mwalimu, hivi vyuo vikuu vya Kanada wanaingiaje? Yusta wangu amemaliza kidato cha sita, anataka uuguzi huko."

"Kila chuo kina masharti yake, mama. Wanaangalia alama, hasa za masomo ya kozi anayoomba, kama baiolojia na kemia. Vyuo vingine humtaka aeleze pia anafanya nini nje ya darasa."

"Anamuuguza bibi yake. Anamlisha, anamgeuza kitandani. Lakini hiyo si ya kuandika, ni kazi ya nyumbani tu."

"Aandike hiyo hiyo, mama!"

Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nilikuwa nimeshaacha kujifanya nimelala.

Mama Yusta alivuta kikapu chake tulipoanza kuona mabati ya Mbulu. "Sasa wakimpenda kwa hilo, wakamchukua," akauliza taratibu, "bibi atageuzwa na nani?"

Basi liliposimama, mwalimu aliinuka. Akampokea mama kikapu, wakashuka.