Nusu Kilo ya Abdi Duka

Tak! Halafu puu, kama kitu kizito kimeangukia mkeka. Kimya. Tena, tak! Puu. Saa saba usiku, nikamkumbatia Ikram wangu wa miezi tisa nikasema basi leo wezi wameingia, na mlango wenyewe komeo lake kamba, kumbe sauti inatoka chumba cha pili, kwa Mwalimu Raheli. Nikaenda kugonga. Nikamkuta amekaa chini na bastola yake ya mashindano, mdomo juu, haina kitu ndani, na kwenye kifyatulio amening'iniza kwa uzi jiwe la mzani, la nusu kilo, lile nililomwazimia dukani kwa Abdi. Kifyatulio kikiachia, tak, jiwe linachomoka kwenye uzi, puu. Akakaza skrubu kidogo. Safari hii jiwe likaning'inia, likatulia. "Kalale," akaniambia, "Jumamosi hutolewi mlangoni."

Maana anayekwenda kupiga shabaha Tanga ni mimi. Kijiwe chetu cha Manundu ni benchi moja la mbao nje ya duka la Abdi, na mwenye birika la kahawa na sinia la kashata ndiye mimi, na Mwalimu Raheli, mwanajeshi mstaafu, alinikuta hapo namimina vikombe kumi mtoto mgongoni bila tone kudondoka. Akasema mkono huu nautaka. Mkono ndiyo, lakini moyo wangu mimi unaruka hata kuku akikohoa. Miezi minne nafanya mazoezi kwenye ghala kuukuu la mkonge, bastola yenyewe ya upepo, risasi yake kipunje kidogo kuliko cha mahindi, na kijiweni sijamwambia mtu, naogopa watakavyosema. Asubuhi ile nikawakuta washaanza.

– Jana mmesikia? Sharifu huyo, tunamwita Mahakama, kwa kuwa akisema neno ameshahukumu.

– Nimesikia. Nyaya za umeme zinapoa, akajibu Mzee Dominiko, Injinia, fundi redio ambaye kwake hata mvua ni mashine.

– Nyaya zikipoa zinasema puu?

– Zile nene zinasema.

– Acha kamba, mzee. Pale wanagonga sarafu za bandia. Tak ni nyundo, puu ni sarafu.

– Sarafu! Abdi akatoa kichwa dirishani mwa duka. Nani atahangaika usiku kucha na mia mbili mia mbili? Yule ni jini anavuta tasbihi. Tak ni punje, puu anasujudu.

– Jini gani anaswali saa saba?

– Kachelewa Isha. Ana safari nyingi.

– Jini au si jini, leo tunaingia chumba kile na marungu, akasema Mahakama. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone.

Marungu! Nikamuona Mwalimu Raheli kalala chini, bastola imevunjika, Jumamosi imekwenda, na kahawa ikamwagika, mara yangu ya kwanza, juu ya suruali ya Injinia. Nikasema yote kwa pumzi moja, bastola, Tanga, jiwe, kibali anacho mwalimu, msiingie jamani, nawaomba.

 Mahakama akacheka mpaka akashuka chini.

– Mama Ikram? Wewe unayemkimbia jogoo wa jirani yako Munira?

– Jogoo yule mwenyewe hana adabu, nikasema.

– Sasa jiwe la nini? Unampiga mtu kwa jiwe au kwa bastola?

– Simpigi mtu, napiga karatasi yenye duara! Kifyatulio kikiwa kizito, kidole kinavuta mkono mzima, duara linahama. Kikiwa chepesi, raha, lakini kuna sheria, kabla hujaingia mwamuzi ananing'iniza nusu kilo. Kikiachia, unarudi nyumbani. Kwa hiyo mwalimu amekileta pale pale kwenye nusu kilo, hakijazidi hata uzito wa kashata.

– Kosa hilo, akasema Injinia, anajipangusa suruali. Springi ni kama redio, inapenda baridi. Ilazwe kwenye mtungi usiku mmoja.

– Ishike kutu! Paka mafuta ya kondoo, akahukumu Mahakama. Bandu bandu huisha gogo.

– Gogo limeingiaje?

– Limeingia, wewe hujasoma. Na kidole chenyewe kifungwe kitambaa cha moto siku tatu, kisahau kazi nyingine. Kidole cha bastola hakimenyi vitunguu.

– Nyote hamjui kitu, Abdi akapaza sauti kwa fahari. Cha muhimu jiwe, na jiwe ni langu! Ndiyo maana mimi mzani wa betri siutaki, betri inadanganya. Jiwe la Abdi linakwenda mashindanoni!

– Abdi, ukipewa medali tukatie nusu.

Tukacheka wote, hata mimi, na ule uoga wa miezi minne ukanitoka, wakaanza kupanga nani atabaki na Ikram, na Mahakama akasema atakuja Tanga kushangilia kwa ngoma. Ndipo akatokea Bibi Grasiana, mkulima wa Mpale, kashuka sokoni na kapu la maharage. Tukamwamkia, shikamoo bibi, marahaba wanangu, akapewa nafasi katikati na kikombe cha mwisho cha birika. Akamsikiliza Abdi anavyolisifu jiwe, mpaka akamaliza kahawa yote.

– Na jiwe lenyewe, akauliza taratibu, nani alilipima?

Injinia akatazama mbingu.  Wote tukageukia dirishani, na Abdi kichwa hakipo.

Nikazungukia mlango wa nyuma, Ikram mgongoni. Nikamkuta kaketi juu ya gunia la mchele.

– Mzee Abdi, lile jiwe ni nusu kilo kweli?

– Ni nusu kilo ya dukani.

– Kuna nusu kilo nyingine?

Akavuta droo. Nusu kilo mbili zimelala humo, sura moja.

– Lile ulilochukua la kuuzia, nimelichimba kidogo tumboni. Hili la kununulia kwa wakulima, limeshiba kupita nusu kilo. Na hili... hili la mkaguzi wa vipimo akija.

Sikungoja. Nikalichukua la mkaguzi nikakimbia, nikampa Mwalimu Raheli, akalining'iniza. Tak! Mara ya pili, tak! Yule mwanamke aliyelala kambini miaka ishirini na mbili akakaa kitako akashika shavu. "Tungeaibika," akasema. "Wametengeneza mizani gani hapa Manundu?" Nikamwambia siri ya Abdi, ningefanyaje. Akacheka kwa hasira, akageuza skrubu kwa robo, tak, akageuza tena. Likakaa. Akashusha, akaning'iniza upya, likakaa. Mara tatu. Akanipa bastola nivute mwenyewe kuelekea ukutani, na kidole changu kikauona uzito mpya, umezidi kidogo, lakini mkono haukuhama. Nikaruka mpaka Ikram akacheka.

Nikarudi na mawe yote mawili kwenye khanga. Abdi alikuwa ananingoja mlangoni kama mwanafunzi siku ya matokeo.

– Limekaa?

– Limekaa mara tatu.

– Alhamdulillahi! Akafurahi kweli, naapa, akanishika mikono yote miwili. Halafu akashusha sauti. Mwanangu, umemwambia nani?

– Mwalimu tu.

– Basi iishie hapo. Mtaa ukisikia, duka limekufa.

Nilimheshimu mzee huyu tangu nilipoolewa, hajawahi kunikatalia unga siku mume wangu yuko safarini. Lakini nikaliweka jiwe la mkaguzi katikati ya sahani ya mzani, nikalifunga lile la tumbo tupu kwenye pindo la khanga. Bibi Grasiana alikuwa anakuja na kapu lake la maharage ya kuuza.

– La kununulia nalo nipe.

Akanitazama.  Akavuta droo, akanipa.

– Mwingine simwambii, Mzee Abdi. Wewe mpimie bibi.