Kiangazi Hiki Tunajenga Daraja Moja

Mheshimiwa Mzagila, mtawala wa eneo letu lote, uliyeacha baraza lako ukaja kukaa nasi kwenye baridi hii, Bwana Liwali wa mji wetu mdogo wa Lwangilo, Baba Padri, uliyetoka Tosamaganga kwa pikipiki ukatufikia na vumbi mpaka ndani ya ndevu, Mwalimu Muharami wa chuo chetu cha Kurani, Mwinjilisti Fanueli, ndugu wageni waalikwa, wazee wenzangu mliojifunga mablanketi, na nyinyi wengine ambao hamkualikwa na mtu ila mmesikia kuna chakula: salaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, kamwene. Nimebisha hodi kwenye kila mlango. Asiyeitikia ana lake jambo.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Mwanakhamisi binti Makame. Nakaanga vitumbua pale Majengo, na nusu ya vijana waliosimama huko nyuma wamekulia vitumbua vyangu, ndiyo maana nawasema ninavyotaka. Shule sikwenda. Mwalimu Philbert aliniandikia maneno mazuri sana kwenye karatasi, yenye "kwa niaba ya" na "kwa kuzingatia kwamba". Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo karatasi mimi niifanyie nini, nifungie vitumbua?" Basi maneno yake nimemwachia mwenyewe, nami nasema yangu.

Nimepewa heshima ya kufungua shughuli za kiangazi. Mahindi yanakaribia kuingia ghalani, mvua ziko mbali, na mtu wa Lwangilo asiye na kazi ya mikono hutafuta kazi ya mdomo. Afadhali tuwe na shughuli. Mwezi huu wa sita mpira unaanza kiwanjani, na safari hii mtaa wa Kilimani hauchezi na mtaa wetu wa Majengo. Watachanganywa, maana mwaka jana mpira uliisha mapema ila ugomvi ukaendelea siku tatu. Wenye nguvu ya kufyatua matofali ya darasa jipya waende kwa Philbert. Mwezi wa saba tunakata nyasi na kuchoma kanda za kuzuia moto juu ya mlima, na wanaojitolea waje na matawi mabichi, wasije na sigara. Mwezi wa nane ndugu zetu Wakatoliki wana sikukuu yao ya Mama Maria, na wameniahidi wali. Mwishoni kabisa kuna Maulidi, na wali huo utalipwa. Hayo yote ni mema, na moyo wangu umetulia nikiyataja. Tuna mji mzuri. Mtu akifiwa hapa, kuni zinafika kabla ya msiba kutangazwa.

Lakini Mheshimiwa, sikupanda juu ya kreti hili kusema habari za mpira. Nimekuja kusema habari ya daraja la Nyandunga.

Baba Padri, leo umekivuka kijito cha Nyandunga na kiatu chako hakikulowa. Ungekuja mwezi wa kwanza ungekiona kikibeba miti mizima. Na njia ya kwenda hospitali ni hiyo moja. Mgonjwa wetu tunamlaza kwenye machela, wanaume wanne wanampokezana mabegani nusu siku, na wakikuta Nyandunga imejaa, wanakaa. Wanakaa na mgonjwa wao, wanatazama maji.

Sasa nawauliza, watu wa Lwangilo, mbele ya wageni: je, mwaka jana hatukujenga daraja? Tulijenga. Tulijenga madaraja mawili! Mji wa watu wasiofika mia tano, madaraja mawili, hatua hamsini baina yake, na hakuna hata moja lililogusa ng'ambo.

Mgeni anaweza kushangaa ilikuwaje. Ngoja nimweleze, kwa sababu aliyeharibu ni mimi.

Ambrosi wa Kilimani, yule pale mwenye koti la jeshi, alishuka Majengo mwaka jana akitangaza mgowe. Mgowe ndiyo desturi ya watu wa hapa: mwenye kazi anapika pombe, anaita majirani, wanafanya kazi pamoja mpaka jua linapinda, kisha wanakunywa pamoja na kuimba. Mashamba yote mnayoyaona kule juu yamelimwa hivyo. Ambrosi akafika kibarazani kwangu, nikamwuliza, "Mitungi mingapi?" Akanijibu kwa furaha, "Sita, Bibi! Na wa saba unachachuka!" Maskini, alidhani nitampigia vigelegele. Nikasimama barabarani, watu wote wa Majengo wananisikia, nikasema, "Basi kajengeni na mitungi yenu. Mtoto wangu hakanyagi huko."

Ningemwambia, "Ambrosi, sisi pombe hatunywi, tutafutie namna nyingine," angekuwa amenielewa. Si mtu mbaya. Ana kelele tu. Lakini nilitaka kusikika, nikasikika. Hakuna mwanamume wa Majengo aliyethubutu kupanda. Kilimani nao wakasema, "Waswahili hawa ni wavivu, wanajificha nyuma ya dini." Nasi tukasema, "Wavivu sisi? Mtatuona!" Tukapika pilau, tukasoma dua, tukaanza daraja letu chini ya lao.

Edmund seremala, anayejua magogo yanavyoshikana, alikuwa kwao. Sisi kiongozi wetu alikuwa Selemani fundi cherehani. Mnacheka? Selemani mwenyewe anacheka. Baba Selemani, kanzu unayoshona haina mpinzani kutoka hapa mpaka Iringa mjini, lakini gogo halipigwi pindo. Wao walikuwa na fundi wakakosa watu wa kubeba mawe. Sisi tulikuwa na watu, na kila jiwe tuliliweka upande usiofaa. Mvua za mwezi wa kumi na mbili zikaja zikabeba pilau letu na pombe yao kwa wiki moja.

Tungeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekea. Haikuishia hapo. Mwezi wa kwanza Matilda, mke wa Bartholomeo, alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Wakamtia kwenye machela asubuhi. Nyandunga imejaa. Wakakaa ukingoni mpaka alasiri. Niliposikia nikachukua blanketi nikakimbia na miguu yangu hii. Nilikuta wanawake wamemzunguka na khanga zao. Mtoto alikuja palepale kwenye majani, wala hakulia. Nikainua macho nisimtazame mama yake, nikaona nguzo zimebaki majini. Zao kule, zetu huku.

Matilda, uko hapo mbele, nakuona. Nimekuja kwako mara mbili kuomba radhi. Ukanipa kiti, ukanipa maji ya kunywa, hukunipa jibu. Ni haki yako. Lakini nimefikiri kwamba nilikosea mahali pa kuombea. Neno langu la kukataza nililisema barabarani, radhi nikaja kuiomba jikoni. Leo nasema mbele ya Mzagila, mbele ya Liwali, mbele ya Baba Padri na kila mtu: nilikosa, mama. Nilikosa kwa kiburi, wala si kwa dini. Dini yangu haikunituma kumzuia mtu asibebe jiwe.

Msipige makofi. Si jambo la makofi hilo. Kaeni.

Nataka mjue kwa nini nina haraka. Kuna matumbo mawili ambayo yatatimia mvua zikiwa zimechanganya. Moja ni la Damari, mke wa Mwalimu Philbert, wa Kilimani. Jingine ni la mjukuu wangu Zuena, wa Majengo. Hao wawili watataka kuvuka Nyandunga, na Nyandunga haitawauliza wanasali wapi. Tuna miezi minne ya ukavu.

Sasa tatizo la kinywaji. Kazi bila kinywaji huku haiendi, tusidanganyane. Kilimani hawawezi kubeba gogo kwa maji ya kisima, na Majengo hawatakaa mezani na mtungi wa pombe. Nilihangaika na jambo hilo kwa wiki nzima mpaka vitumbua vikaungua. Kisha nikakumbuka togwa. Togwa wanayo wao na tunayo sisi. Mtoto anakunywa, mzazi anakunywa, haimlevyi mtu. Uji wa mahindi, kimea cha ulezi, unaacha utulie, unakuwa mtamu, basi.

Wiki mbili zilizopita tuliijaribu siku ya kusafisha chemchemi. Wasiwasi ulikuwa kwa Mwalimu Muharami. Watu walishika vibuyu vyao, hakuna anayemeza, wote wanamtazama yeye. Mwalimu akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ya pili ni ya fatwa au ya kiu?" Akasema, "Bibi Mwanakhamisi, huu ni uji uliosoma." Siku hiyo chemchemi ilisafishwa kabla ya adhuhuri, na Mwinjilisti Fanueli aliingia kwenye tope mpaka kiunoni akiwa na tai yake.

Ila nilimkamata Ambrosi. Ambrosi, usiiname, nakuona. Alikuwa amebeba mtungi mzima wa togwa anaelekea nao kwake. Namwuliza, "Wapeleka wapi?" Ananiambia, "Naupumzisha kidogo, Bibi." Kidogo! Togwa ukiipumzisha siku tatu kwenye joto la jiko la Ambrosi, haiitwi togwa tena. Basi niliimwaga yote chini mbele ya watu, na nilisikia Kilimani nzima inaguna. Hiyo ndiyo sheria yetu: inapikwa jana, inanywewa leo, itakayobaki inamwagwa kabla jua halijazama. Mwalimu Muharami ataonja, na Ambrosi mwenyewe ndiye atakayemwaga. Amekubali. Alikubali vibaya, lakini alikubali.

Siku za kazi ni Jumanne, kuanzia wiki ijayo. Ijumaa ina wenyewe, Jumapili ina wenyewe, Jumanne haina mwenyewe, tumeichukua. Edmund ndiye fundi, na neno lake ni la mwisho. Selemani atashika kamba, kufunga anajua. Na Mheshimiwa Mzagila, nakuomba kwa adabu zote nilizo nazo, ambazo si nyingi: usitutumie matarishi kuwatoa watu nyumbani. Mtu aliyeburutwa hubeba jiwe dogo. Tuache tuje wenyewe. Tukishindwa mwaka huu, utume askari, wa kwanza kukamatwa niwe mimi.

Lakini daraja haliwezi kuanza na wanaume. Linaanza na jungu. Nataka wanawake wa Kilimani na wa Majengo wapike togwa hiyo mahali pamoja, kwenye ua wangu, kila Jumatatu mpaka magogo yafike ng'ambo. Nataka mtu wa kusimama na mimi kwenye mitungi hiyo. Simtaji. Yeyote anayetaka kujitolea, asimame.

Mbona mmekaa? Kwenye mpira mlisimama wote.

Mwacheni. Mwacheni asimame mwenyewe, Bartholomeo, usimshike mkono.

Unasema nini, mama? Sema kwa sauti, huko nyuma hawasikii. Mmesikia? Nitarudia kwa ajili ya wageni. Matilda anasema atakuja. Anasema lakini togwa ya siku ya chemchemi ilikuwa maji matupu. Anasema kimea nilikipima kama mtu anayekaanga vitumbua, na kwamba kuanzia Jumatatu kimea atapima yeye, mimi nichochee moto.

Haya! Mheshimiwa, umeshuhudia, nimeshushwa cheo. Nitachochea, mama. Nitachochea mpaka macho yatoke. Philbert, mwandike yeye wa kwanza, na mimi niandike chini yake, hapohapo chini yake. Damari, wewe na Zuena kaeni, hatuwahitaji kwenye jungu, kazi yenu mnaijua. Nani mwingine? Bartholomeo, nimekuona. Selemani. Na nyinyi watatu wa ukutani. Pangeni mstari, msikanyage wazee.

Mheshimiwa Mzagila, Bwana Liwali, Baba Padri, ndugu zangu nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu mpaka nimemaliza. Matilda, nisogezee nafasi hapo mkekani, nashuka.